Picha za Lenzi: Mwongozo wa Kutambua Iliyo Bora

Katika maduka ya vitu vya kale ya Paris, London na Venice kuna aina moja ya picha ambayo wauzaji wengi huionea haya kidogo. Ni picha ya karne ya 18, upana wake karibu sentimita 45 na kimo chake karibu 30, iliyochapwa kwa bamba la shaba na kupakwa rangi kwa mkono. Rangi zake ni kali: anga la buluu nzito, mapaa mekundu, miti ya kijani kibichi. Barabara inakatiza katikati ya jiji moja kwa moja, kama iliyopigwa rula. Juu kabisa kuna maandishi yaliyogeuzwa, hayasomeki mpaka uyawekee kioo. Itundike kando ya kazi ya mabingwa kama Canaletto au Piranesi, itaonekana ni ya fundi aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Hukumu hiyo ni halali kwa picha ya ukutani, na hii haikutengenezwa kwa ajili ya ukuta. Kanga haihukumiwi ikiwa imekunjwa kwenye rafu, huhukumiwa ikivaliwa. Picha hizi, ambazo Wafaransa waliziita vues d'optique na ambazo hapa tutaziita picha za lenzi, zilichorwa zitazamwe kupitia lenzi na kioo, ili karatasi bapa igeuke uwanja, ukumbi au bandari yenye kina cha kuingilika. Anayetaka kujua ipi nzuri na ipi hafifu aanze na swali moja: ikiwekwa mahali pake, inafunguka au haifunguki? Mengine yote, yaani mistari, rangi, karatasi na anwani ya mchapishaji, hupimwa kwa jinsi yanavyosaidia au kuzuia kufunguka huko.

Ijue mashine kwanza

Zograskopu, yaani mashine ya kutazamia picha hizi, ilianza kuuzwa London katika miaka ya 1740, kisha ikaingia katika sebule za wenye uwezo kote Ulaya. Ni chombo sahili: nguzo ya mbao yenye kitako, lenzi iliyobinuka pande zote mbili na pana kiasi cha kutosha macho mawili, na nyuma ya lenzi kioo kilichoinamishwa nyuzi 45. Picha hulazwa juu ya meza chini ya kioo. Mtazamaji huketi mbele ya lenzi na kuangalia. Wasiokuwa na cha kununulia mashine walilipa senti chache sokoni wakachungulia kwenye sanduku la mwonyeshaji wa kuzunguka. Waveneti waliliita sanduku hilo mondo novo, yaani dunia mpya. Giandomenico Tiepolo aliuchora umati uliolizunguka, watu wametupa kisogo, kwenye ukuta wa nyumba yake ya shamba huko Zianigo mwaka 1791. Mchoro huo sasa uko katika jumba la Ca' Rezzonico, Venice.

Ujanja wa mashine hauko katika kukuza. Jicho linapotazama kitu cha karibu hufanya kazi mbili: hukaza lenzi yake ya ndani, na macho yote mawili hugeuka kuelekea pua. Ubongo huzisoma juhudi hizo kama kipimo cha umbali. Picha ikikaa mbele ya lenzi kwa umbali unaolingana na nguvu ya lenzi hiyo, miale hutoka ikiwa karibu sambamba, na macho hupumzika kama yanayotazama milima ya mbali. Fremu ya lenzi nayo huficha kingo za karatasi na meza iliyo chini yake. Ushahidi wote kwamba hiki ni kipande cha karatasi huondolewa, na ubongo hubaki na ushahidi wa mchoro peke yake: mistari inayokutana, vitu vinavyopungua, kivuli na mwanga. Mchoro ukiwa na ushahidi wa kutosha, nafasi hufunguka. Ukiwa nao kidogo, utaona karatasi iliyokuzwa na basi.

Nayo maandishi ya juu yaligeuzwa kwa sababu ya kioo. Kioo hubadilisha kulia kuwa kushoto, na anayetazama alipaswa kusoma jina la mahali bila kuinua uso. Desturi hiyo ilikuwa ya wachapishaji wa Paris, Augsburg na Bassano. Wale wa London mara nyingi waliacha maandishi bila kuyageuza, kwa sababu picha hizohizo waliziuza pia kwa watu wa kutia kwenye fremu. Ukikuta picha ya Kiingereza isiyo na maandishi ya kinyume, usiione pungufu.

Kugeuzwa huku kuliwapa wachongaji wa bara njia ya mkato. Anayenakili picha ya mwenzake moja kwa moja juu ya bamba hupata chapa iliyogeuka, na kwa kawaida hilo ni dosari. Katika kazi hii kioo cha mtazamaji kiliirudisha sawa. Kwa hiyo jiji lililogeuka, mnara wa kulia ukawa kushoto, halimaanishi kwamba mchongaji alikosea. Litazame kwenye kioo kabla ya kuhukumu.

Kuipima bila mashine

Mashine halisi ni adimu, lakini usikubali kununua bila jaribio. Miwani ya kusomea ya +2, ile inayouzwa hata kwenye maduka ya dawa, huwa na kitovu kwenye nusu mita. Ivae, iweke picha mbali na uso kwa nusu mita, funga jicho moja, kisha kunja kiganja kama bomba mbele ya jicho lililo wazi ili kingo za karatasi zipotee. Subiri kidogo, macho huchukua muda kukubali. Picha nzuri itaanza kurudi nyuma, na sakafu italala. Jaribio hili halifikii lenzi pana ya macho mawili, ila linatosha kukuonyesha picha zisizoweza kufunguka kabisa.

Mwenye nia ya kukusanya ajitengenezee mashine yake: lenzi pana yenye kitovu cha sentimita 40 hadi 50, kioo cha kawaida na kibao cha kuvishikilia. Kwenye mnada hakuna atakayekukataza kuleta kioo cha mkono.

Jiometri: mifupa ya picha

Ukishaiona ikifunguka au ikikataa, rudi kwenye karatasi utafute sababu. Anza na nukta ambapo mistari yote ya kina hukutana. Katika picha nzuri nukta hiyo iko karibu na katikati, kwa kuwa hapo ndipo lenzi huonyesha kwa uwazi zaidi. Kuelekea kingo, lenzi sahili huipinda mistari na kuizungushia uzi mwembamba wa rangi. Weka rula juu ya kingo za mapaa, madirisha na mawe ya sakafu, bila kuigusa karatasi. Mistari ikiikimbilia nukta moja, fundi alijua kazi yake. Ikipishana sana, utaona kwenye lenzi kuta zinazoyumba.

Kipimo cha pili ni mstari wa upeo, yaani kimo cha jicho la mtazamaji. Kwenye uwanja tambarare mstari huo sharti uwakate watu wenye kimo sawa mahali pamoja pa mwili. Ukimkata wa mbele kifuani, umkate na wa mbali kifuani. Ukipita juu ya kichwa cha wa mbele kwa kimo cha mtu mmoja, upite vivyo hivyo juu ya wa mbali. Hapa ndipo wanakili hafifu hujifichua: majengo waliyaiba yakiwa sahihi, kisha wakaongeza watu kwa kukisia. Kwenye lenzi utaona jitu limesimama nyuma ya mtoto, na uwanja mzima utavunjika.

Kipimo cha tatu ni mwendo wa kupungua. Nguzo za safu moja hazipungui kimo tu. Nafasi kati yake nayo lazima ibanwe kwa kanuni. Chukua sakafu ya vigae: mistari ya kona kwa kona ya vigae vyote inayoelekea upande mmoja, ikirefushwa, inapaswa kukutana kwenye nukta moja iliyo kwenye mstari wa upeo. Sakafu ya kanisa ikifaulu mtihani huu, unaweza kuwa na hakika kwamba mchongaji alipima na hakukisia. Ndiyo sababu picha za ndani ya majengo, kama Basilika ya Mtakatifu Petro huko Roma, kumbi za maonyesho na maktaba za kifalme, huwa na nguvu zaidi kwenye lenzi kuliko mandhari ya mashamba. Ukuta, dari na sakafu vyote vinavuta upande mmoja. Bustani za Versailles, ambazo zilipandwa kwa mistari, hufuata karibu. Bahari tupu ni ngumu. Fundi hodari huijaza safu za meli zinazopungua, au gati lenye mawe.

Msomaji wa pwani huenda akakutana na ukurasa maarufu wenye Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala, kutoka kitabu cha miji cha Braun na Hogenberg kilichotolewa Cologne mwaka 1572. Ni karatasi yenye thamani kubwa ya kihistoria, lakini atakayekuuzia kama picha ya lenzi hajui anachouza au anajua sana. Miji ile ilichorwa kwa jicho la ndege, nyumba zimepangwa bila nukta ya kukutania. Kwenye zograskopu haifunguki hata kidogo, na haikukusudiwa kufunguka.

Mistari ya bamba

Sasa chukua lenzi ya sonara. Bamba la shaba lilichongwa kwa patasi au kuliwa kwa asidi, wino ukajazwa kwenye mifereji, uso ukafutwa, kisha karatasi yenye unyevu ikashinikizwa kwa nguvu. Wino huo hukaa juu ya karatasi kama uzi ulioinuka kidogo. Ukimulika kutoka ubavuni utauona. Mchongaji mzuri wa picha za lenzi aligawa mistari yake kwa umbali: mbele minene yenye kina, katikati ya wastani, na mbali myembamba kama unywele, mara nyingine iliyokatikakatika. Mgawanyo huo ni nusu ya udanganyifu, kwa sababu hewa ya mbali hufifisha vitu.

Hapa kuna jambo ambalo mnunuzi wa picha za kawaida halifikirii. Bamba huchakaa kila linapopita kwenye shinikizo, na mistari ya kwanza kufa ni ile myembamba. Katika picha ya lenzi mistari myembamba ndiyo umbali wenyewe. Kwa hiyo chapa ya mwisho ya bamba zuri huanza kupoteza kina kutoka nyuma kuja mbele: milima imeondoka, minara imebaki kivuli, huku nguzo za mbele zikiwa bado nyeusi na imara. Kwa mbali karatasi huonekana nzima kabisa. Kwenye lenzi barabara inaishia ukutani. Kati ya chapa ya mapema yenye doa la maji na chapa safi ya bamba lililochoka, chukua yenye doa.

Wapo waliorudia kuchonga mabamba yaliyochoka ili yaendelee kuuza. Utayatambua kwa mistari ya mbali iliyo minene kupita umbali wake, au mistari miwili inayokimbizana badala ya mmoja. Hayo hayafunguki vizuri pia, ila kwa sababu tofauti: kila kitu kimesogea mbele.

Rangi: kwa nini ni kali

Lenzi na kioo hula mwanga. Kioo cha karne ya 18 hakikurudisha mwanga kama cha leo, na jioni watazamaji walitegemea mishumaa. Rangi ya wastani ingefika machoni ikiwa majivu. Ukali wa rangi hizi ni hesabu, na fundi bora hutambulikana kwa mahali alipouweka. Anga liwe buluu nzito juu, lififie taratibu kushuka hadi kuwa jeupe au waridi kwenye upeo. Sehemu ya mbele iwe na kivuli cha kahawia au kijivu, katikati pawake manjano na nyekundu, na mbali paachwe karibu wazi. Rangi ikipangwa hivyo husukuma macho kwenye mwanga wa katikati, kisha nje ya mji.

Picha hizi zilipakwa kwa wingi na kwa kasi. Rangi kutoka kidogo nje ya mstari mbele ya picha ni jambo la kawaida na halipunguzi kitu. Kosa zito ni rangi kutoka nje ya mstari huko mbali, ambako unene wa brashi unaweza kumeza mnara mzima. Kosa zito zaidi ni anga lililopakwa buluu moja kuanzia juu hadi chini. Linageuka ukuta wa nyuma wa jukwaa.

Angalia pia rangi zenyewe. Buluu ya Prussia iligunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, na ni ya kutarajiwa katika anga la picha hizi. Kijani cha shaba hula karatasi polepole. Geuza picha, na ukiona upande wa nyuma alama ya kahawia inayofuata umbo la miti, umepata ushahidi mzuri wa rangi ya kale. Zambarau angavu ya aina iliyotokana na lami ya makaa haikuwepo kabla ya 1856. Nakala nyingi halali zilibaki bila rangi zikapakwa juzi ili ziuzwe ghali. Dalili yake ni rangi iliyopita juu ya doa badala ya kuwa chini yake, au iliyoingia ndani ya mpasuko uliokwisha kuzibwa. Kama rangi imejaza mpasuko, basi mpasuko ulitangulia.

Kusoma anwani

Chini ya picha pana maelezo, na mara nyingi anwani ya duka. Huu ni uwanja wa wapekuzi, na una faida kubwa.

Paris: tafuta mtaa wa Saint-Jacques, kitovu cha biashara ya picha, ambako walikaa Basset, Chéreau, Huquier na Mondhare. Daumont alikuwa mtaa wa Saint-Martin. Herufi A.P.D.R. humaanisha kibali cha mfalme, kwa hiyo bamba lenye herufi hizo lilichongwa kabla ufalme haujaanguka 1792. Kazi ya Paris ni nyingi, ya rangi nyangavu, na ubora wake hupanda na kushuka sana hata ndani ya duka moja.

Augsburg: Georg Balthasar Probst ndiye jina la kutafutwa kwanza. Uchongaji wake ni safi, mistari ya mbali imetunzwa, na maelezo yake hufika lugha nne: Kilatini, Kifaransa, Kiitaliano na Kijerumani. Mji huohuo ulikuwa na chuo cha sanaa chenye kibali cha Kaisari kilichotoa mfululizo ulioandikwa Collection des Prospects, ukiwa na majina kama Leizel na Habermann. Maelezo yake hupiga marufuku kunakili, jambo la kuchekesha kwa wachongaji ambao wenyewe walinakili bila haya.

Bassano: familia ya Remondini, yenye kiwanda kikubwa cha uchapaji kilichodumu hadi 1861, ilisambaza kazi kupitia wachuuzi wa miguu wa bonde la Tesino waliofika karibu kila pembe ya Ulaya. Bei ilikuwa ya chini, mabamba yalifanyishwa kazi mpaka yakachoka. Remondini ya mapema ni johari. Ya mwisho ni karatasi.

London: familia ya Bowles, na Robert Sayer wa Fleet Street. Sheria ya hakimiliki ya wachongaji, iliyoanza kutumika 1735, iliwafanya wachapishaji waandike tarehe kwenye bamba. Tarehe hizo ni msaada, ila zina mtego. Sayer alipofariki 1794, Laurie na Whittle walirithi duka na mabamba yake, wakafuta jina lake na kuchonga lao pamoja na tarehe 12 Mei 1794. Ukikuta tarehe hiyo, mara nyingi unaangalia siku ya kurithi duka. Mchoro unaweza kuwa wa zamani kuliko hapo kwa miaka 40. Vivyo hivyo jina la Carington Bowles likigeuka Bowles na Carver, umevuka mwaka 1793, na bamba limechapwa muda mrefu.

Karatasi huthibitisha yote haya. Ishike mbele ya mwanga. Karatasi ya zamani ina mistari ya kichungio cha waya, myembamba iliyosongamana ikikatwa na minene iliyoachana. Karatasi laini isiyo na mistari ilianza Uingereza katika miaka ya 1750 lakini ilienea mwishoni mwa karne, na kuanzia 1794 watengenezaji wa Kiingereza walizoea kutia mwaka ndani ya alama ya maji. Tarehe ya bamba ikisema 1752 na karatasi ikisema 1805, iamini karatasi.

Ukweli wa mahali

Je, jiji lililochorwa lazima liwe la kweli? Hapa mkusanyaji wa historia na mkusanyaji wa picha za lenzi huachana njia. Franz Xaver Habermann (1721–1796) alichora watu wakiiangusha sanamu ya Mfalme George wa Tatu huko New York. Tukio lilikuwa kweli, tarehe 9 Julai 1776. Sanamu yenyewe, kazi ya Joseph Wilton, ilimwonyesha mfalme juu ya farasi. Ya Habermann imesimama kwa miguu, katikati ya mtaa wa majumba marefu ya Kijerumani ambao New York haikuwa nao. Hakuwahi kuiona Marekani.

Kama ushahidi wa sura ya New York, picha ile haifai. Kama picha ya lenzi ni kazi ya kupendeza: mtaa unabana, majumba yanasimama pande mbili, kamba zinavuta jicho kwenye kitovu. Ithamini kwa kazi hiyo, na umkatalie muuzaji anayetoza bei ya ushahidi. Kuna pia picha za Babeli na Hekalu la Sulemani, ambazo hazidai ukweli wowote na mara nyingi zina jiometri bora kuliko zote, kwa sababu fundi hakubanwa na jengo lililopo. Upande wa pili kuna zile zilizotoka kwa wachoraji waliosimama mahali penyewe, hasa za Venice zilizonakiliwa kutoka kwa Visentini, aliyechonga kazi za Canaletto. Hizo hukupa vyote viwili, na ushindani wake mnadani ni mkali.

Picha za usiku, na jirani zake

Baadhi ya picha za masanduku zilitobolewa: madirisha, taa na nyota zikakatwa, kisha nyuma zikabandikwa karatasi nyembamba za rangi. Mwonyeshaji alifunga mlango wa mbele wa sanduku na kufungua wa nyuma, na mchana ukawa usiku wenye mji mzima umewashwa. Usiyaite matundu hayo uharibifu. Chunguza mkato: fundi mzuri alitumia patasi ndogo yenye umbo, kila dirisha likawa na kona safi, na matundu ya mbali yakawa madogo kwa uwiano uleule wa jiometri. Matundu yenye ukubwa mmoja kuanzia mbele hadi nyuma huua kina pale mwanga unapowashwa. Masizi kidogo nyuma yanatarajiwa. Kingo zilizokatwa hadi kwenye mchoro pia, kwa kuwa sanduku lilikuwa na kipimo chake. Bei ishuke kwa sababu anwani imepotea, lakini sifa ya kufunguka haijaguswa.

Japani ilikuwa na tawi lake. Maruyama Ōkyo alichora picha za namna hii Kyoto akiwa kijana, na mwaka 1783 Shiba Kōkan alitengeneza mandhari ya Mimeguri, picha ya kwanza ya Kijapani iliyochongwa kwa shaba na asidi, akaigeuza makusudi kwa ajili ya mashine yake mwenyewe. Kazi hizo zina hewa na utulivu ambao Paris haikuutafuta. Vipimo vya jiometri ni vilevile. Vya rangi vilegezwe, kwa kuwa ufundi wao ulitegemea nafasi tupu.

Bandia

Nakala za kisasa ni nyingi, na nyingi zilitengenezwa kihalali kama mapambo kabla ya mtu kuziita za kale. Vipimo vitatu vinatosha. Lenzi ya sonara: ukiona vinukta vilivyopangwa kwa safu, ni uchapaji wa mashine ya kisasa. Vidole upande wa nyuma: bamba la shaba huacha mbonyeo wa mstatili kuzunguka mchoro, usipokuwepo, ama kingo zimekatwa ama bamba halikuwepo. Tochi ya kukagulia noti: karatasi ya kale ya matambara ya kitani haing'ai, ilhali karatasi iliyotiwa kemikali za kung'arisha, zilizoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, huwaka buluu-nyeupe. Hakuna kipimo kimoja kinachotosha peke yake. Mbonyeo unaweza kughushiwa, na karatasi ya zamani inaweza kung'olewa kwenye vitabu vya kale.

Ukishainunua, iweke mbali na jua. Makumbusho huzuia mwanga wa picha za karatasi usizidi lux 50. Usiifanyie usafi mwenyewe, hasa penye kijani cha shaba, kwani hapo karatasi huwa imedhoofika na maji huimaliza. Mkunjo wa katikati ni kumbukumbu ya albamu ambamo picha ilikaa, uache.

Mizani ya mwisho

Weka vitu kwa uzito huu. Kwanza jiometri, kwani haiwezi kuongezwa baadaye. Pili hali ya mistari ya mbali. Tatu mpangilio wa rangi, hasa anga. Nne anwani na karatasi. Tano usafi na kingo. Soko hupanga karibu kinyume: huanza na usafi, kisha jina la jiji, na hulipa zaidi picha ya mji maarufu iliyochoka kuliko ukumbi usio na jina uliochongwa kwa ustadi.

Tofauti hiyo ndiyo nafasi yako. Mwenye fedha ya picha moja tu atafute mambo ya ndani ya kanisa au ukumbi, kutoka Augsburg, chapa ya mapema, hata kama ina doa na mkunjo. Jiji maarufu linaweza kungoja. Na muuzaji akiisifu kwa kusema inapendeza ukutani, mwulize kama ameshawahi kuitazama kwenye kioo. Akisema hajawahi, zungumza naye bei ya picha ya ukutani.